Swali la Daktari Asubuhi

Miaka kumi na tisa, shule ya msingi hapa Majengo, Moshi,
nimechora tumbo ubaoni kwa chaki za rangi:
nyeupe ya umio, kijani ya nyongo,
nyekundu ya ini, ambalo kila mwaka
yupo wa kuniuliza, "Mwalimu, hili ndilo la kukaanga?"

Nimewatafunisha ugali mkavu dakika tatu nzima
mpaka mmoja ashangae: umekuwa mtamu!
Ni mate hayo, nawaambia, yameanza kazi
kabla hujameza.
Nimesukuma chungwa ndani ya soksi ya mpira:
bana nyuma, legeza mbele, bana nyuma,
hivyo ndivyo tonge linavyoshuka
hata ukila umening'inia kichwa chini.
Utumbo mwembamba tumeupima kwa kamba ya katani,
mita sita, kutoka mlangoni
hadi dawati la Godlizen, aliyekuwa amelala.

Sikujua kwamba utumbo waweza kujisokota usiku,
na mama yangu, Aisiakunda,
aliyezaa watano bila kupiga kelele,
akauma kanga mpaka ikatoboka.

Wamempasua. Wameunyoosha. Wamemshona.
Siku ya tatu leo. Mpira puani, dripu mkononi,
kibao juu ya kitanda: ASILE, ASINYWE.
Kitanda cha pili wamefungua chupa ya mtori.
Harufu yake haina adabu.

Kila asubuhi Dokta Mgonja, kijana bado,
anashusha sauti, anatazama ukuta,
anamuuliza mtu wa umri wa bibi yake:
"Mama, umetoa upepo?"
Mama anafumba macho.
Mzee wa kanisa huyu. Mjukuu akijamba mezani
alimtoa nje, yeye na sahani yake.
"Bado," namjibia mimi.

Daktari anaweka kile chuma baridi kando ya kitovu,
anasikiliza, kisha ananipa na mimi.
Kimya.
Kama shule mwezi wa Desemba.

Utumbo ukishikwashikwa hununa, anasema.
Mwembamba huamka kwanza, kesho yake tu,
tumbo hufuata,
mpana ndio mvivu, tena ndio wenye ufunguo wa geti.
Kuuamrisha huwezi. Mkono wako unakusikia,
utumbo haujui hata jina lako.
Hilo sijawahi kuliandika ubaoni.

Usiku mama ananong'ona, "Ni kama mfereji."
Kule Uru, alipoolewa, maji yalikuja kwa zamu
na zamu yao ilikuwa saa tisa usiku.
"Ukishafungua kule juu, huoni kitu.
Unakaa gizani na jembe, miguu imekufa ganzi,
mpaka usikie majani makavu yanachakarika.
Hayo siyo maji bado.
Ni hewa, inasukumwa mbele ya maji."
Akanyamaza. Nikasinzia kitini.

Saa kumi na robo, sauti.
Si kubwa. Ndefu, ina vituo katikati,
kama mlango wa ghala usiojua mafuta.
Wodi nzima ikashika pumzi.
Kisha kitanda cha nne, yule wa Rombo
aliyetolewa kidole tumbo, akasema gizani,
"Asante Yesu."

Wakacheka wote, kila mmoja
ameshika mshono wake kwa mikono miwili,
wanalia "jamani, mtatuua,"
muuguzi anakuja mbio na tochi,
na mama, shuka hadi utosini,
anafunua jicho moja.

"Mwambie yule mtoto asiniulize tena."

Akakaa kidogo.

"Ule mtori. Ulibaki?"