Pa Kutupa Joto

Daktari alisema moyo wa Guram hautavuka Agosti nyingine
katika chumba cha nyuzi thelathini na nane.
Tukauza piano. Tukanunua baridi.

Kile kipande cha ndani hakina makuu:
cheupe, chembamba, kitakaa juu ya kabati
kama mgeni mwenye adabu.
Kazi iko kwa mwenzake wa nje,
kilo thelathini na nne za kunguruma na kutema fukuto.
Kila anayetaka ubaridi lazima awe na pa kutupa joto lake,
na Tbilisi yetu hii, kuta zimeegemeana kama walevi;
hutupi kitu kisimwangukie mtu.

Fundi Badri alikuja na futikamba, na sigara sikioni.

Upande wa barabara?
Manispaa imekataza. Nakshi zile ni za urithi:
zenyewe zinapigwa picha,
sisi tunapigwa na jua.

Juu ya paa?
Mita kumi na nane za bomba la shaba.
Gesi itachoka njiani, alisema,
kama mimi kwenye ngazi zenu.

Roshani?
Akagonga ubao kwa kisigino. Ubao ukajibu vibaya.
Ulibeba harusi ya dada yangu, watu arobaini na ngoma zao;
leo unabeba vyungu viwili na paka,
na paka mwenyewe hupita pembeni.

Ukabaki ukuta wa kaskazini,
wa matofali, wenye kivuli, unaotazama uani,
sentimita sitini kutoka dirisha la Eteri.

Eteri.
Miaka kumi na mmoja bila salamu.
Tuligombania ufunguo wa ghala la chini.
Ufunguo ulipotea;
ugomvi tuliutunza vizuri zaidi.

Nikamwambia Badri: toboa, lakini kitazame mzabibu,
kisimtazame yule.
Akapima, akachora msalaba wa penseli, akatoboa.
Akakosea kona.

Tundu likatokea jikoni kwa Eteri,
juu kidogo ya sufuria ya maharage.

Dreli ilinyamaza. Vumbi likashuka taratibu.
Kisha jicho, la kijivu, limejaa lote katika duara.
"Lamara," likasema, "umenitilia ukuta kwenye chakula."

Nilikuwa na maneno. Miaka kumi na mmoja nikiyanoa usiku.
Hakuna hata moja lililopenya milimita sitini na tano.
Nikasema, "Guram anaumwa."

"Najua. Namsikia akikohoa.
Ukuta huu wa kati ni karatasi, Lamara.
Hukuwa na haja ya kuutoboa."

Akatoka na aproni, mikono myekundu hadi viwikoni:
ulikuwa msimu wa plamu chachu.
Akaizunguka mashine kama anayenunua ng'ombe.
Inapuliza upepo wa moto? Kwa siku saa ngapi? Upande upi?
Nikamwona akitazama mbao zake uani,
plamu zilizopondwa, zimetandazwa nyembamba kama ngozi,
ambazo kila mwaka wingu moja huzitia ukungu.

"Kigeuzeni huku," akasema. "Kwenye kamba yangu.
Ila kikinguruma usiku wa manane
nitakata waya kwa mkasi wa kuku."

Badri akafunga vyuma, akatia mipira chini ya miguu.
Kimekaa upande kidogo; alikuwa na haraka.

Guram analala na blanketi. Agosti, na blanketi.
Joto lililokuwa likimkaba kifua
linatoka nje, linatikisa ngozi nyekundu za jirani,
zinakauka kwa siku mbili badala ya tano.
Ametuletea moja, imekunjwa kwenye gazeti. Chachu mno.
Tumeila yote.

Habari ya ufunguo hatujaigusa.

Lile tundu la kwanza nililiziba kwa kitambaa.
Jioni nyingine nakikuta sakafuni,
kimesukumwa kutoka upande wa pili,
na harufu ya kitunguu imeshaingia.
Badri alisema atakuja na saruji Jumatatu.
Jumatatu zinapita,
na hakuna aliyempigia simu.