Baada ya Saba

Kila mwisho wa mwezi Mama alinipa baiskeli
ambayo miguu yangu haikufika chini,
na daftari lililonuka mafuta ya taa:
nenda ukanikusanyie mchezo.
Wanawake kumi, yeye wa kumi,
kila mmoja noti kumi za mia mbili.

Ngamiani barabara zina namba badala ya majina.
Hupotei, mradi unajua kuhesabu.

Barabara ya Tatu, Mwanamkasi alilowesha kidole gumba:
mwenga, mbiri, tahu, ne, tsano,
noti ya mwisho akaiachia kama anayeng'olewa jino.
Ya Saba, duka la vitambaa, Kantaben
hakutazama hata pesa: ek, be, tran, char,
macho kwangu, nisishike hariri.
Bi Thuweiba alipofika sitta, sabaa,
nilidakia, "Hizo zetu!"
Akacheka mpaka ushungi ukamtoka.
"Zenu? Mlizikopa kwetu, mjukuu,
na riba hamjalipa."
Nikamwambia basi, tubaki na tisa.
"Hata hiyo."

Nikaenda na hasira yangu kwa Mama Blandina, Mbondei,
kumuuliza tulikuwa tukisema nini kabla ya deni.
Alikuwa akikuna nazi. Hakuacha.
"Tandatu. Fungate. Nane. Kenda."
Fungate! Nilidhani ni mambo ya maharusi.
"Ni saba tu, mwanangu. Harusi imeikalia."

Mama, ukimuuliza kabila, alijibu, "Mtu wa Tanga,"
akafunga mdomo kama mlango wa bati.

Usiku ule nilijifanya nimelala.
Alipanga noti mkekani, midomo ikicheza:
rimwe, kabiri, gatatu, kane,
gatanu, gatandatu, indwi
akasita.
Akarudi mwanzo. Indwi. Akasita tena.
Kisha, kwa sauti ya kila siku: nane, tisa, kumi.

"Mama, hiyo lugha gani?"

Ya babu yako Bukuru, akasema baada ya muda.
Alitoka upande wa Malagarasi kuja kukata mkonge.
Walimvika kibati shingoni, kina namba;
jina hakuna karani aliyeliuliza.
Manamba, ndivyo walivyowaita.
Jioni aliosha mikono, miiba ikiwa bado ndani,
akashika vidole vyangu kimoja kimoja.
Tulifika saba.
Nane ilikuwa ya kesho yake.

Hakusema zaidi, nami sikuuliza.
Alifunga noti kwa mpira, akazima taa.

Miaka mingi baadaye, stesheni ya Kigoma,
nilimuuliza mwanamke auzaye mawese:
baada ya indwi, inafuata nini?
Alinitazama kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi.
"Umunani. Icenda. Icumi."
Nilinunua chupa mbili nisizozihitaji,
nikampigia Mama.

Kimya. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.
"Usizitaje kwanza," akasema.
"Ngoja nioshe mikono."