Moja Yenye Pua

Taa tatu zilikuwa za kijani.
Naanzia hapo kwa sababu kila niliyempigia
aliuliza taa, nami nikajibu kijani,
naye akasema basi mtandao upo, dada.
Upo wapi?

Jumatatu umeme ulikatika Chumbageni mara nne.
Mara ya nne ukarudi kwa kishindo,
ukaiacha ruta kama mgonjwa aliyezinduka
asikumbuke hata jina la mamake.
Niliijaza upya mwenyewe, saa mbili usiku,
tochi ya simu nimeibana kwa meno,
nikifuata karatasi ya Mzee Kidunda
aliyoigandisha ubavuni mwa kabati
kabla hajastaafu kurudi Muheza kwenye machungwa yake.

Jumanne hakikutoka kitu.
Makontena mawili ya vigae yamelala bandarini,
kila yakilala yanaandikiwa tozo,
na nyaraka zake ninazo mimi, kamili, zina mihuri,
zinazunguka, kiduara kidogo katikati ya kioo,
zinazunguka.
Bwana Shebughe akaitukana kampuni,
akaitukana minara, akazitukana nyaya
na samaki wanaozitafuna.
Nikabonyeza moja kwa Kiswahili,
nikabonyeza tatu kwa wateja wa biashara,
nikasikilizishwa kinanda dakika arobaini.

Jumatano akaja Hiza, kwa baiskeli,
suruali kaibana kwa kibanio cha nguo.
Taa hakuzitazama.
Aliuliza: mkitaka kutoka humu, mnapitia wapi?
Mlangoni, nikasema.
Mlango upi?

Akafungua kurasa ambazo mimi huziogopa.
Akasoma kwa sauti, kidole juu ya kioo,
moja tisa mbili, moja sita nane, moja, saba.
Saba ni nani hapa ofisini?
Tukatazamana. Hakuna saba.
Akaibishia hodi ile namba kutoka kwenye kompyuta yake
nayo ikaitika mara moja, karibu mno,
karibu kuliko inavyopaswa mtu wa safari kuitika.
Akainuka. Akapita meza yangu, akapita jagi la maji,
akasimama mbele ya printa.

Ni hivi, akasema. Umetumwa Ngamiani,
Barabara ya Kwanza, ukachukue tiketi.
Wewe ukaenda ya Saba.
Ukabisha, ukakaribishwa, ukakaa,
na mwenye nyumba hana basi wala tiketi,
ana adabu tu.

Siku mbili, ofisi nzima,
tulikuwa tukimwomba printa atufikishe Dar es Salaam!
Barua za forodha, hesabu za mwezi,
picha za harusi ya mpwa wa Bwana Shebughe,
vyote alipelekewa yeye,
naye kwa kuwa hakuambiwa achape
alinyamaza navyo.
Tena kazi yake aliendelea kuifanya, maskini.
Ankara za Jumanne zilitoka safi, wino umekolea.

Hiza akaibandua karatasi kabatini.
Mzee Kidunda alisoma zama za kalamu ya kuchovya:
moja yake ina pua, ndefu, imeinama mbele,
na usiku, kwa tochi ya meno,
pua ile ni saba.
Akaitazama. Akanitazama.
Nilihisi masikio yanawaka.
Nini? akauliza Bwana Shebughe kutoka chumbani kwake.
Umeme, mzee, akajibu Hiza,
akafuta saba, akaandika moja,
akatuzimia kila kompyuta, akatuwashia.

Zikaingia barua mia na kumi na tatu.
Simu zote zikalia pamoja, hata ya mlinzi.

Nilimsindikiza hadi kwenye baiskeli
nikitafuta neno lililo kubwa kuliko ahsante.
Alikuwa anafunga kibanio mguuni.
Moja ikatwe pua, akasema, basi, akakanyaga pedeli.

Nimeandika karatasi mpya, kwa kalamu nene,
tarakimu, kisha pembeni kwa herufi: MOJA.
Ya Mzee Kidunda sikuitupa. Iko chini yake.
Vigae vilitoka Ijumaa. Tozo ya siku mbili ililipwa,
si na mimi.
Bwana Shebughe hadi leo, taa zikififia kidogo tu,
huguna: umeme huu!
Nami huitikia, macho kwenye kioo,
umeme huu, bosi.