Aliye Juu

Fundi Syaluha hupima kila kitu kwa mzigo.
"Itabeba nini?" akauliza, penseli sikioni,
chukudu tatu zisizo na magurudumu zimeegemea ukuta nyuma yake.
Makala magunia manane? Viazi vya Masisi?
Nikamwambia: haibebi, fundi. Inarusha.
Akacheka hadi randa ikamponyoka.

Kiwanja chetu kiko Majengo, pale lava ilipolala
juu ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama.
Pale huchimbi msingi. Sururu inalia, jiwe linanyamaza.
Mlango wake uko chini ya miguu yetu, kiasi cha mita mbili,
na sufuria, na redio, na kuku mmoja mkaidi
ambaye bibi hadi leo anamtaja kwa jina.

Tulisawazisha kwa nyundo, siku kumi na moja.
Bisimwa alipoteza kucha. Mimi nilipoteza viatu:
makoro hula soli kama panya anavyokula sabuni.

Halafu kamba.
Kavugho akapigilia msumari kwenye sakafu ya udongo ya karakana,
akafunga kamba ya mita tatu, chaki mwishoni,
akarudi kinyumenyume polepole
kama mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka soko,
na mbele yake likabaki tao.
Fundi akachutama. Hakucheka tena.
Miaka thelathini amechonga mapembe ya chukudu kwa jicho tu.
Akapitisha kidole juu ya ule mstari, mara mbili.
"Kumbe mviringo una mama," akasema,
"na mama yake ni msumari."

Mbavu kumi na mbili za mkaratusi mbichi,
karakana nzima ikanuka dawa ya kifua.
Tripleksi tulikopa Birere, bado tunadaiwa.
Misumari tuliing'oa kwenye masanduku yaliyoleta misaada,
tukainyoosha usiku, mmoja mmoja, kwa mwanga wa simu;
umeme umekwenda zake, na kule juu
mlima unawaka kama jirani asiyezima jiko.

Futi ya mwisho ilituletea ugomvi.
"Wima?" Fundi akaweka msumeno chini.
"Njia haisimami wima. Kinachosimama wima ni ukuta."
Ndiyo, fundi. Tunataka njia igeuke ukuta
taratibu, bila kutuaga.

Siku mbili hakuonekana.
Ya tatu akaja na bomba la chuma begani,
akalilaza kwenye ukingo wa juu, akalikaza kwa boliti,
akalipapasa lote asije mtu akakatwa,
akaenda kukaa mbali, mgongo kwetu.

Kavugho alianguka mara mbili.
Mama Nzigire akatutabiria shingo zilizovunjika
na hospitali isiyokuwa na pamba.
Mara ya tatu kibao kilishuka, kikanguruma tumboni mwa mbao,
kikapanda ubavu wa pili, kikapanda,
na ngurumo ikakatika.

Kimya kile ndicho tulichokijenga.
Wiki tisa za nyundo kwa ajili ya pumzi moja isiyo na sauti,
magurudumu manne yakizunguka bila kugusa kitu.

Nyuma yangu fundi akapaza sauti:
"Aliye juu mngoje chini!"
Huku kwetu hilo huambiwa wenye vyeo,
wenye magari ya vioo vyeusi.
Yeye hakuwa na fumbo. Alikuwa amesimama, mikono wazi,
kama anayepokea gunia kutoka kwenye lori:
mngojeni, basi, mngojeni.

Asubuhi tukakuta Mama Nzigire ametandaza mashuka
toka ukingo hadi ukingo. Yanakauka vizuri, anasema,
maji yanajua pa kwenda.
Tukakaa kusubiri jua.
Bibi akaja na fimbo yake, akagonga ubavu wa saba,
akainamisha sikio.
"Hapa ni jikoni," akasema.
"Mmeiweka sawasawa juu ya jiko."