Huenda

Ripoti ilinifikia ikiwa na kurasa tisa
na neno *huenda* mara kumi na saba.
Nilihesabu. Ndiyo kazi niliyoajiriwa,
kuupiga pasi wasiwasi wa wenzangu
na kuupeleka ghorofa za juu umekunjwa vizuri.

London, Januari. Mvua nyembamba kama uzi
ilikuwa ikilishona dirisha na mto.
Probert alikuja na kikombe chake kisicho na mkono,
akasoma wima, kama mtu anayetafuta bei.
"Hesper," akasema, "hizi huenda zinachosha.
Mkuu hawezi kusimama bungeni
akaliambia taifa: huenda."

Hakuniamuru. Hilo mlielewe.
Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyeniamuru lolote.
Aliiweka tu kalamu yake juu ya meza yangu
akasahau kuichukua.

Chanzo chetu kilikuwa fundi wa majokofu
aliyeikimbia nchi ile na sanduku moja na shemeji.
Yeye hakuona kitu. Aliyeona ni shemeji,
naye aliona usiku, kutoka juu ya paa,
mabomba manne marefu yakiingizwa kiwandani
palipopikwa sabuni tangu enzi za mababu zao.
Tulimpangia nyumba Croydon. Tukamnunulia koti.
Kila alipoongeza bomba, tuliongeza posho.
Kufikia Februari mabomba yalikuwa kumi na moja.

*Mabomba hayo huenda yakawa ya sumu.*
Nikatoa huenda.
*Mabomba hayo yakawa ya sumu.*
Hapo sarufi ilichechemea, nikatoa yakawa.
*Mabomba hayo ya sumu.*
Tazama: hakuna tena anayedai jambo,
hakuna wa kubishana naye.
Sikuandika uongo hata mmoja.
Nilifuta tu, na mashine ya kahawa
ilikuwa imeharibika siku hiyo, nakumbuka,
nikaenda nyumbani mapema.

Ghorofa ya tano walifuta *chanzo kimoja*.
Ya sita walitia ramani yenye mshale mwekundu.
Na kule kwa Mkuu, hotuba ilikuwa imeshaandikwa
tangu kabla ya Krismasi,
imeachiwa pengo la upana wa sentensi moja.
Yetu iliingia pale kama jino la bandia.

Watu hupenda kusema sisi ni macho ya serikali.
Macho hayaagizwi dukani.
Tulikuwa miwani, na rangi ya vioo
ilichaguliwa na mvaaji.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.
Lilikuja. Saa tisa usiku, kwa ndege arobaini,
na asubuhi Probert alinunulia idara nzima keki.

Tamsin wa masjala alikuwa na kaka, Jory,
sajenti wa uhandisi, mtu wa Penzance,
aliyecheka kwa pua.
Maofisa wawili walibisha kwa mama yao Jumanne.
Barua yake ilifika Alhamisi:
*Dada, leo tumeyafungua mabomba yenu.
Mafuta ya zeituni! Pickard kateleza, kavunja jino.
Mzee wa kiwanda analia, sijui anatukana au anaomba.
Nakutumia kipande.*

Kipande chenyewe kahawia nje, kijani ndani,
kina muhuri ambao hakuna aliyeweza kuusoma
katika jengo lenye wakalimani tisini.
Tamsin alikiweka juu ya kabati la mafaili.
Hakunitazama. Hakukitumia.
Kwa wiki nyingi, korido yetu ilinukia usafi.

Miaka sita baadaye ikaundwa tume.
Wakili aliyevaa soksi za zambarau
aliniuliza kama tulijua.
Nilimfikiria yule fundi na koti lake,
Probert, aliyekuwa amekwisha kupewa nishani,
kalamu yake, ambayo bado ninayo.
Nikasema, "Huenda."

Karani akaacha kuandika.
Wakili akatabasamu, kwa adabu kabisa,
akaniomba niliondoe neno hilo.