Viatu vya Bibi

Chumba cha Zuwena, Ruwi, ghorofa ya pili,
juu ya fundi cherehani.
Viti vitatu. Mlango haukomewi.
"Chagua," asema. "Hata kusimama ni sawa."

Mgeni wa leo kasimama.
Kiyoyozi kikanguruma, akaruka;
Zuwena akakizima.
Julai hiyo, Maskati.
Jasho likawatiririka wote wawili,
wala hakuna aliyelitaja.

Haulizi, "Ilikuwaje?"
Huuliza, "Sakafu waisikia, chini ya nyayo?"

Bibi yake alilala na viatu mvunguni,
vimeelekea mlangoni,
miaka thelathini tangu aihame Unguja kwa kukimbia.
Wajukuu walicheka.
Usiku mmoja Zuwena, wa miaka tisa,
akavigeuza, utani tu.
Bibi hakumgombeza.
Alipiga magoti, akavirudisha,
kimoja, kisha kingine,
mikono ikimtetemeka kama aliyeshikwa na homa.

Shahada ilikuja baadaye.

Saa imekwisha. Neno limesemwa moja: maji.
Daftarini Zuwena kaandika: *Amekunywa.*
Mgeni yuko kizingitini, anasitasita;
anarudi hatua mbili,
ananyoosha kidole,
anakiwasha kiyoyozi mwenyewe.