Michikichi Haikujipanda

Alfajiri tunaondoka Kibirizi,
wageni saba, maboya manane,
injini imekohoa mara tatu ndipo ikakubali.
Nawapa namba nilizokariri: kina cha ziwa, umri wa ufa,
ardhi iliyopasuka pasipo moto wala majivu.
"Kwa hiyo hakuna volkano?" anauliza mwenye kofia,
kama aliyepunjwa chenji.

Mtanga wanapiga picha dagaa;
wanawake wanawapa migongo.

Gombe, kilima na jasho.
Sokwe jike ameketi katikati ya njia.
Namtaja jina, na la mamaye, na la bibiye,
vizazi vinne, vyote vimo daftarini.
Wageni wanaandika.
Yeye anatafuna chikichi,
anatema kokwa miguuni pangu.

"Mbegu zililetwa na ndege?" anauliza binti mmoja.
Hapa huwa nasema: pengine.
Mimi, Tausi Nyabenda, mwaka wa tisa kazini,
nimesema pengine hadi ulimi ukaota sugu.

Leo nasema: michikichi haikujipanda.
Hapa palikuwa na ua.
Hesabuni, mitano, mmoja kwa kila mtoto.
Wa tatu ni bibi yangu.
Alitoka humu mgongoni, hajaota jino,
siku msitu ulipowekewa mpaka.
Yeye daftarini hayumo.

"Jina lake linaandikwaje?"
Namtajia herufi moja moja.
Sokwe anatema kokwa ya pili.

Naiokota, naitia mfukoni.
Saa nane tunageuza boti.
Chakula ni wali na mgebuka wa mawese,
kwa waliolipia.